Deni na Nasaba: Urithi wa Utumwa Katika Madarasa ya Marekani na ya Pwani Yetu

Aprili 2019 wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, walipiga kura kuamua kama wajitoze ada ya dola 27.20 kila muhula. Hesabu hiyo haikuokotwa njiani. Mwaka 1838 mapadri Wajesuiti wa Maryland, ambao ndio waliokiendesha chuo, waliwauza watu 272 kwa matajiri wa mashamba wa Louisiana kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha zile ikaenda kulipa madeni ya chuo. Ada mpya ingewafaidi wazao wa wale waliouzwa. Waliosema ndiyo walikuwa 2,541, waliosema hapana 1,304.

Ushindi ule umeandikwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na hoja za walioshindwa, kwa sababu hazikuwa za kukana. Iliyosikika mara nyingi ni hii: taasisi ndiyo iliyouza watu, basi taasisi ilipe, kwa nini mwanafunzi, pengine mtoto wa wahamiaji waliofika Marekani juzi, abebeshwe mzigo wa mapadri wa 1838? Upande wa pili wakajibu kwamba yeyote anayesoma pale leo anakalia kiti ambacho mauzo yale yalikiokoa, awe mzaliwa au mgeni. Oktoba ya mwaka huohuo uongozi wa chuo ulichukua njia ya kati: ungechangisha kiasi cha dola 400,000 kila mwaka, pasipo kuwatoza wanafunzi.

Ukiwasikiliza vizuri, pande zote mbili zilikuwa zikizungumza lugha moja. Nani anadaiwa? Anadaiwa kiasi gani? Alipe nani, amlipe nani? Utumwa ulikuwa umeshageuka deni lenye tarakimu, na ugomvi uliobaki ulikuwa wa ankara tu.

Mabishano ya namna hii yana mwalimu wake. Mwaka 2003 Ruth Simmons, mwanamke Mweusi aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Brown, aliunda kamati ya kuchunguza jinsi chuo chake kilivyofungamana na biashara ya watumwa, na ripoti ikatoka 2006. Mwaka uliofuata, huko Harvard, mwanahistoria Sven Beckert alikaa na wanafunzi wanne katika semina ndogo na kuwatuma wakapekue nyaraka za chuo chao wenyewe. Princeton na Columbia nazo zikawa na semina za mtindo huo. Kufikia 2022 Harvard ilikuwa imechapisha ripoti kubwa na kutenga dola milioni 100. Huko Harvard yote hayo yalianza kwa mwanafunzi kupewa daftari la nyumba anayolala na kuambiwa alisome.

Na madaftari ya namna hiyo yana majina. Katika mkataba wa mauzo wa Georgetown wa 1838, jina la kwanza ni la Isaac, mzee wa miaka 65. Baada ya wanafunzi kuandamana 2015, chuo kiliondoa jina la padri Thomas Mulledy, aliyesimamia mauzo, kwenye jengo moja, na tangu 2017 jengo hilo linaitwa Isaac Hawkins. Kijana anayetafuta chumba chake cha bweni analitaja jina la mzee huyo bila hata kukusudia. Sijui somo gani la nadharia lingeweza kufanya kazi hiyo.

Nisiwapake Wamarekani sifa kupita kiasi. Januari 2023 jimbo la Florida lilikataa kozi ya masomo ya Waamerika Weusi iliyoandaliwa kwa shule za sekondari, na Julai ya mwaka huo mwongozo wake wa historia ukataka wanafunzi wafundishwe kwamba baadhi ya watumwa walipata ujuzi uliowanufaisha wao wenyewe. Kwao kozi ya aina hii ni uwanja wa kampeni. Lakini hata wanaotaka kuifuta wanathibitisha kwamba inauma mahali.

Dar es Salaam ilikuwa na somo lake, na ilitangulia miaka mingi. Walter Rodney alifika Chuo Kikuu pale Mlimani 1966, akaondoka, akarudi 1969 na kukaa hadi 1974. Alizaliwa Guyana, katika jamii iliyotokana na watu waliovushwa bahari kwa minyororo. Sasa mzao wa waliochukuliwa alikuwa akiwafundisha wazao wa waliobaki. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa 1972, London na Dar es Salaam, na kikasomwa kama msahafu. Wanafunzi hawakuwa wasikilizaji tu. Walikuwa na chama chao cha kimapinduzi, USARF, ambacho mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa Yoweri Museveni, na jarida lao, Cheche, lilikuwa kali hata serikali ikalifungia 1970.

Darasa lile nalo lilisema kwa lugha ya deni, ila mdaiwa alikuwa ng'ambo. Utumwa ulikuwa mrija ulionyonya nguvu ya Afrika na kuijengea Ulaya viwanda. Hata biashara ya pwani yetu Rodney aliitazama kwa jicho hilo, akisisitiza kwamba wengi walioitwa watumwa wa Waarabu waliishia kwenye mashamba ya Wazungu huko Mauritius na Réunion. Hoja hiyo ina nguvu, na sioni aliyeibomoa. Kasoro yake ni kwamba ilimwacha mwanafunzi wa Dar akiwa mdai siku zote. Tanganyika utumwa ulipigwa marufuku kabisa 1922. Kijana wa miaka 22 aliyekaa Nkrumah Hall mwaka 1970 angeweza kuwa na bibi aliyezaliwa utumwani, yu hai Bagamoyo au Kilwa, na babu wa mwenzake wa kiti cha pili angeweza kuwa ndiye aliyemmiliki. Nadharia ya mfumo wa dunia haikuwa na pa kumweka bibi huyo.

Mwaka 1987 Abdul Sheriff alichapisha utafiti wake juu ya watumwa, karafuu na pembe za ndovu za Zanzibar, na jambo moja likakaa wazi: sehemu kubwa ya watumwa wa karne ya 19 hawakuvushwa kwenda Arabuni. Walibaki hapahapa. Walichuma karafuu Unguja na Pemba, walilima nafaka Malindi, walibeba mizigo bandarini. Sheriff alifundisha Dar kwa miaka mingi, kwa hiyo hili si jambo tulilofundishwa na wageni.

Basi kwa nini hatuna jengo la Isaac?

Jibu la haraka ni kwamba tuliona aibu tukanyamaza. Jibu hilo nalikataa, au tuseme nalikubali nusu. Marekani utumwa ulipofutwa 1865, alama ya mtumwa ilibaki usoni pa mjukuu na kitukuu. Hakuwa na pa kuificha, na sheria za ubaguzi zilihakikisha hivyo. Pwani ilikuwa vingine. Amri ya 1897 ya Sultani Hamoud ilimruhusu mtumwa wa Unguja na Pemba aende mahakamani kudai uhuru wake. Bwana alilipwa fidia, mtumwa hakulipwa kitu. Aliyepata hati yake angeweza kuhamia Ng'ambo ya mji, kuvua kaniki na kuvaa kanga, kubadili jina, kusali msikiti mmoja na waungwana, na wanawe wakakua wakiitwa Waswahili. Wajukuu wakawa Washirazi. Sensa za Waingereza zinaonyesha hilo waziwazi: kati ya 1924 na 1931 idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili Zanzibar iliporomoka, wakati makabila mengine yenye heshima zaidi yakinenepa. Watu hawakufa. Walihama nasaba.

Kwa hiyo kimya chetu si cha mabwana peke yao. Ni kazi ya walioachwa huru pia, na waliifanya kwa akili. Anayewaambia wazee wa Ng'ambo kwamba walinyamaza kwa woga hajui kusema kungewagharimu nini: binti asiyeposwa, kijana asiyepewa nafasi ya mbele. Huko Marekani kudai asili ya utumwa ni kudai haki. Hapa kusahaulika kwa asili hiyo ndiko kulikokuwa haki yenyewe.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, kwa wazazi waliokuwa watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuja mjini akiuza vyungu, akajifunza kuimba, akaitwa Siti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika hadi bara na Visiwa vya Ngazija. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo hakuna mwanamke mwingine wa pwani aliyeipata kwa kalamu hiyo. Marekani msanii wa aina hiyo angewekwa mwanzo kabisa wa mtaala kama binti wa watumwa. Sisi tunamfundisha kama mama wa taarabu, na ya Fumba tunayapitia kwa sentensi moja.

Tofauti hiyo imo hadi kwenye rafu za vitabu. Fasihi ya Marekani juu ya utumwa ilianzishwa na watumwa wenyewe: Frederick Douglass alichapisha maisha yake 1845 akiwataja mabwana zake kwa majina, Harriet Jacobs akafuata 1861. Kwetu walioshika kalamu mapema walikuwa mabwana. Mfanyabiashara Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili fasaha, na watumwa wanapita katika kurasa zake sawasawa na pembe za ndovu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani 1886 na humo akautetea utumwa wa Mashariki kuwa ni mwepesi. Alipotokea mzao wa watumwa kuandika, James Mbotela katika Uhuru wa Watumwa wa 1934, shukrani zote zilikwenda kwa Waingereza waliomwokoa baba yake baharini na kuwatafutia wakombolewa makao Freretown, Mombasa. Wasomaji wa baada ya uhuru walikiona kitabu hicho ni cha kikoloni. Kweli ni cha kikoloni, lakini ndicho tulicho nacho, na nyuma ya zile shukrani mna kijiji kilichochomwa na watoto waliopotezana njiani. Mwanafunzi anayekisoma kwa kinyaa tu anaipoteza sauti iliyokaribia ya Douglass.

Riwaya za baadaye zimekwenda mbali zaidi ya historia. Toni Morrison katika Beloved, 1987, alichukua kisa cha Margaret Garner, mama aliyetoroka Kentucky na kumuua mwanawe 1856 kuliko kumwona akirudishwa utumwani. Miaka saba baadaye Abdulrazak Gurnah wa Unguja akatoa Paradise, ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, kijana wa Gurnah, hakutekwa. Baba yake alimtoa rehani kwa tajiri anayemdai, na mtoto mwenyewe amelelewa akiamini kwamba tajiri huyo ni ndugu wa familia. Hapo deni na nasaba vimefumwa kamba moja. Kwa Morrison bwana ni adui anayeonekana akija na farasi. Kwa Gurnah bwana ananukia udi, ana tabasamu na anakupa sarafu. Nani atamchukia vizuri mtu wa namna hiyo? Sijaona kitabu cha historia kinachoeleza utumwa wa pwani kwa usahihi kama riwaya hii.

Ukifundisha mambo haya pwani, maoni ya wanafunzi huja kwa mafungu ambayo mwalimu anaweza kuyatabiri kabla hajafuta ubao. Fungu la kwanza litasema utumwa wa Waarabu haukuwa kama wa Wazungu: suria aliyezaa hakuuzwa tena, mwanawe alikuwa huru na alirithi, na masultani wenyewe walikuwa wana wa masuria. Fungu la pili watataja soko la Mkunazini, pingu, na kanisa la Anglikana lililojengwa juu ya soko hilo baada ya kufungwa 1873. Wao hadithi yao ina mwovu mmoja Mwarabu na mkombozi mmoja mmisionari. Fungu la tatu, mara nyingi kutoka bara, watasema machifu wetu ndio waliouza.

Kila fungu limeshika kipande cha kweli. La kwanza lina ushahidi mzito: watoto wote wa Sayyid Said waliomrithi walizaliwa na masuria. Lakini hoja hiyo ni ileile ya Salme, hoja ya mtu aliyeutazama utumwa kutoka dirisha la jumba la Mtoni. Mtoto wa suria alichukua nasaba ya baba. Ukoo wa mama yake, wa Nyasa au wa Manyema, ulifutika kabisa, na masuria wenyewe waliachwa nje ya amri ya 1897, wakasubiri hadi 1909. Wepesi huo tumesimuliwa na watoto wa baba. Na mchumaji karafuu wa Pemba, au mtoto aliyetembezwa kwa miguu kutoka Nyasa hadi Kilwa Kivinje, hakuna aliyemwahidi urithi wowote.

Fungu la pili nawaonea huruma, maana wamerithi hadithi iliyotumiwa vibaya mara mbili. Kwanza Waingereza waliitumia kuhalalisha kututawala. Kisha katika zama za siasa, miaka ya mwisho ya 1950 hadi Mapinduzi ya 1964, magazeti ya vyama yaliifufua minyororo ili kuchochea chuki, na watu walikufa. Ndiyo sababu mzazi wa Kizanzibari akisikia chuo kinaanzisha kozi ya utumwa anashtuka. Ana haki ya kushtuka.

Mila ya Kimarekani na ya pwani ziligongana hadharani 1999. Henry Louis Gates wa Harvard alitengeneza filamu za televisheni kuhusu maajabu ya Afrika, mojawapo ikihusu pwani ya Waswahili, na Mmarekani huyo alistaajabu kukutana na watu weusi kama yeye wakimwambia asili yao ni Uajemi au Uarabuni. Ali Mazrui, msomi na mwana wa Mombasa, wa ukoo ulioutawala mji huo hadi 1837, akamshambulia kwa maandishi kwamba anawabebesha Waafrika hatia ya utumwa na kuipunguzia Magharibi mzigo. Mwandishi Wole Soyinka naye akaingia, na nyaraka zikarushwa huku na huku. Kwa maoni yangu Gates alikosea kuichukua rangi ya Marekani na kuipimia Lamu, na alikosa subira ya kuuliza nasaba zile zilikuwa zikiwakinga watu na nini. Lakini swali lake lilikuwa halali, na Mazrui, ambaye alikuwa katika jopo la wazee lililoundwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika 1992 kudai fidia kwa Magharibi, alilijibu kwa kugeuza shingo tu.

Maana deni lipo hata hapa, na linapimika. Kenya, Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwaandikia mashamba ya pwani waliokuwa mabwana, utumwa ukiwa umefutwa mwaka mmoja tu nyuma. Walioyalima wakabaki bila kipande, na wengi wa wazao wao, pamoja na Wamijikenda, wanaitwa maskwota hadi leo kutoka Malindi hadi Kwale. Mwanahistoria Frederick Cooper aliiandika habari hiyo 1980. Mwanafunzi wa Kilifi hahitaji kwenda Georgetown kujifunza maana ya kulipwa fidia kwa bwana na kusahauliwa kwa mtumwa.

Kama ningeombwa kupanga kozi yetu, nisingeanza na pingu. Ningeanza na jora la merikani. Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Meli za Salem zilikileta Unguja kwa wingi baada ya mkataba wa biashara wa 1833. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani hapo, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mpinzani wa utumwa huku akifanya biashara na mji ulioishi kwa utumwa. Wapagazi wakalibeba jora hadi Tabora na Ujiji, likabadilishwa kwa pembe, na mara nyingine kwa watu. Pembe zikarudi Connecticut kuwa vibao vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka 1861 pamba ikakatika, na soko letu likalazimika kutafuta vitambaa kwingine. Mtumwa wa Mississippi na mtumwa wa Pemba hawakuonana, lakini mmoja aliichuma pamba iliyomnunua mwingine.

Wiki ya pili ningewapeleka wanafunzi Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, wakayasome majalada ya walioomba uhuru baada ya 1897. Nisingewataka watafute mababu zao. Atakayetaka kufanya hivyo afanye kwa hiari yake, na alilolipata aliweke atakavyoona vema. Ningewataka kila mmoja achague mtu mmoja aliyesimama mbele ya hakimu, amwandikie kurasa kumi kwa Kiswahili: alitoka wapi, shamba la nani, aliomba nini, alipewa nini. Deni wangelipima wenyewe baada ya hapo, na nasaba wangeiheshimu kwa kuijua ilivyojengwa.

Wahadhiri wa historia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), wa Mlimani, wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na ninyi wa idara za Kiswahili mnaolalamika kwamba wanafunzi wanarudia tasnifu zilezile: kazi hii haihitaji tume, ripoti wala dola milioni 100. Inahitaji kibali cha kuingia Nyaraka na muhula mmoja. Anzeni mwaka huu wa masomo.